Robert Koch: Daktari wa Tone Moja

Nilikulia Kitshanga, katika Masisi, ambako mtoto hulijua neno kolera kabla ya kujua kusoma. Tulipanga foleni na mabidoni yetu kisimani, na kabla ya kuondoka kila mmoja alitiliwa klorini katika maji yake. Adui tuliyekuwa tukimkimbia sikumjua sura. Nilikuja kumjua humu kitivoni, nilipopewa kazi ya kukusanya istilahi za biolojia kwa Kiswahili. Kila istilahi niliyoifuata ilinirudisha kwa mtu mmoja: Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, Ujerumani, katika mji wa wachimba madini. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Kuanzia 1872 alikuwa daktari wa wilaya Wöllstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala profesa wa kumwongoza. Alikuwa na wagonjwa mchana, na hadubini nyumbani.

Wakati huo kimeta kilikuwa kikimaliza mifugo ya wakulima. Koch alichukua tone la majimaji ya jicho la ng'ombe, akatia ndani yake kipande kidogo cha wengu wa mnyama aliyekufa, akalifungia tone hilo baina ya vioo viwili, akalitunza katika joto na kulitazama saa baada ya saa. Aliona vijiti vya bakteria vikirefuka kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea spora, punje ngumu zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi zikingoja mnyama mwingine. Mwaka 1876 alimwonyesha Ferdinand Cohn kazi hiyo huko Breslau, na jina lake likaenea.

Baadaye akiwa Berlin alikabiliwa na swali gumu zaidi: bakteria huishi wamechanganyika, sasa utamtengaje mmoja na wenzake? Jibu lilianzia kwenye kiazi kilichokatwa, likafika kwenye agari, ambayo Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliifahamu kutoka jikoni. Juu ya chakula kigumu kila chembe hutua peke yake na kuzaa kundi lake. Kwa kazi hii ya kutenga, mwaka 1882 Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu, na 1884, akiwa Calcutta, yule wa kolera, aliyepinda kama mkato wa mwandishi. Kumbe huyo ndiye tuliyemtilia klorini.

Lakini maisha yake si sifa tupu. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu ambayo haikuponya. Alipata Tuzo ya Nobel 1905, kisha 1906 akaja visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria, kupambana na malale. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye arseniki, na alipoona haitoshi aliongeza dozi. Baadhi yao wakapofuka. Yule aliyekesha juu ya tone moja, hapa aliwatibu watu kwa mamia. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Leo tone lake limepata mifereji. Wanasayansi hutengeneza kipande cha silikoni chenye vijifereji vyembamba, vingine upana wake ukiwa kama elfu moja ya milimita, na bakteria mmoja mmoja hukaa humo huku chakula au dawa ikimpitia. Mwaka 2004 Nathalie Balaban na wenzake walitumia kifaa cha namna hiyo, wakaona kwamba katika ukoo mmoja wa bakteria wachache huwa wamepunguza kukua hata kabla dawa haijafika, na hao ndio hunusurika. Ukipima kundi zima kwa pamoja, hao huwaoni.

Kwetu Kitshanga nasi tumezoea kuhesabiwa kwa pamoja: kaya kadhaa zimehama, wagonjwa kadhaa wamelazwa. Hesabu hiyo ina kazi yake, maana bila hiyo klorini isingefika kisimani. Lakini kwa Koch nimejifunza kulitazama tone moja hadi liseme, na kwa vipofu wa Sese, ambao majina yao sijayakuta katika kitabu chochote nilichosoma, nimejifunza kuuliza ni nani aliyemo ndani ya hesabu.