Mzee wa Paris Aliyekataa Kuitwa Msanii

Sisi tunaopiga picha hapa chuoni tuna swali letu moja lisiloisha: upige kile unachokiona wewe, au kile kitakachoshinda shindano na kusifiwa mtandaoni? Mimi nikiulizwa, namkumbuka mzee mmoja wa Ufaransa, Eugène Atget.

Alizaliwa mwaka 1857 mjini Libourne, akabaki yatima angali mdogo, akalelewa na babu na bibi. Alifanya kazi melini, kisha akahangaika na uigizaji miaka mingi bila kutoboa. Kamera aliishika akiwa ameshavuka miaka 30.

Hakujiita msanii. Mlangoni alitundika kibao cha kutangaza kwamba anauza picha za kumbukumbu kwa ajili ya wasanii. Wachoraji walinunua picha zake za miti, ngazi na milango ili wachoree. Baadaye makumbusho na maktaba nazo zikanunua, maana Paris ya zamani ilikuwa inabomolewa. Hela ya kula ilitoka hapo.

Lakini tazama alivyofanya kazi. Kamera nyepesi zilishaingia sokoni, yeye akang'ang'ania ya mbao, yenye miguu mitatu na vioo vya sentimita 18 kwa 24. Mzigo kwelikweli! Alfajiri, mitaa ikiwa mitupu, mzee yuko kona anapiga ua wa nyumba kuukuu au dirisha la duka. Miaka kama 30 hivyo hivyo. Mwaka 1920 aliiuzia serikali vioo zaidi ya 2,600 kwa faranga 10,000, halafu akarudi kazini, akizunguka bustani za zamani.

Mwaka 1926 jirani yake, msanii Man Ray, alisaidia picha yake ya watu wakitazama kupatwa kwa jua itoke kwenye jalada la jarida la masurialisti. Kwa kijana wa leo, hapo umetoboa. Mzee akaomba jina lake lisiwekwe. Kwake zile zilikuwa kumbukumbu tu.

Alifariki mwaka 1927. Wapo wanaosema kazi nzuri hujiuza yenyewe. Mimi sikubali. Mmarekani Berenice Abbott, aliyewahi kuwa msaidizi wa Man Ray, ndiye aliyenunua picha na vioo vilivyobaki, akavihangaikia miaka 40, hadi makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yakavinunua mwaka 1968. Bila yeye, sijui kama leo tungemtaja.

Kwa hiyo simsomi Atget kama mtakatifu aliyechukia pesa. Aliuza kila alipopata mteja. Alichokishikilia ni uamuzi wa asimame wapi na aelekeze kamera wapi. Nasi tunaopiga mahafali ili tupate nauli, tumpige mhitimu anavyotaka, ametulipa. Ila alfajiri ya Jumapili iwe yako. Na ukijua mwenzako ana picha kali zimelala kwenye flashi, usingoje afe ndiyo umtangaze.