Johnny Cash: Stori ya albamu aliyorekodi akimwomboleza June, ikadrop akiwa kaburini

Wakenya na muziki wa kantri wametoka mbali. Jim Reeves, Dolly Parton, Kenny Rogers, hao hata shosho yako shags anawajua. Lakini Johnny Cash, yule buda wa nguo nyeusi, wengi wetu tulimpatia YouTube kupitia video ya Hurt. Unaikumbuka? Mzee mgonjwa, mikono inatetemeka, anamwaga divai kwa meza iliyojaa chakula. Nyuma yake kwa ngazi kuna mama amesimama akimwangalia kama mtu anayejua kinachokuja.

Huyo mama ni June Carter, bibi yake. Video ilishutiwa mapema 2003. Mei 15 mwaka huo huo, June akaaga baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 73.

Sasa hapa ndipo mob huchanganya stori. Wanadhani Hurt ni ngoma ya kumlilia June. Zii. Alikuwa ameshairekodi bibi akiwa hai, na hata si yake, ni ya Nine Inch Nails. Albamu ya kilio ni ingine kabisa. Inaitwa American V: A Hundred Highways, na huyu jamaa hakuwahi kuiona ikitoka.

Lakini kifo kilimjua Cash kitambo. Alizaliwa 1932 Kingsland, Arkansas, akalelewa Dyess, kijiji ambacho serikali ya Marekani ilijengea wakulima waliosota. Kazi ilikuwa moja tu: pamba. Alikuwa na bro mkubwa anaitwa Jack, kijana mpole wa kanisa aliyetaka kuwa mhubiri. Jumamosi moja Mei 1944, Jack akaenda kukata mbao kwa mashine ndio aletee familia dola kama 3 hivi. Johnny, miaka 12, akaenda zake kuvua samaki. Msumeno ukamkata Jack vibaya tumboni. Alikaa karibu wiki moja, akafa. Baada ya mazishi tu, familia ilikuwa imerudi shambani, juu pamba haingojei mtu amalize kulia.

Ukitaka kujua kwa nini alikuwa anaimba vile, anzia hapo. Hiyo tabia ya kuzika mtu kisha kushika kazi kesho yake haikuwahi kumtoka.

Mengine mnayajua, nipite mbio. Jeshi la anga, akapelekwa Ujerumani. 1955 akaingia Sun Records pale Memphis, nyumba moja na Elvis. Pesa ikaja, vidonge vikaja nayo, na 1965 akashikwa navyo El Paso. Ndoa yake ya kwanza na Vivian, mama wa wasichana wake 4, ikavunjika. Januari 1968 akaenda kurekodi shoo ndani ya jela ya Folsom, na mwezi uliofuata akamwomba June ndoa mbele ya watu kwa stage, London ya Canada. Machi 1 wakaoana. June hakuwa msupa wa kusimama tu kando ya staa. Alizaliwa ndani ya Carter Family, ukoo ulioshika kantri tangu enzi za santuri, na Ring of Fire yenyewe ni yeye aliyeiandika na Merle Kilgore.

Miaka ya 80 Nashville ikamchoka. Columbia wakamtema 1986. Aliyemrudisha ni mtu hungedhani: Rick Rubin, yule wa ndevu aliyeanzisha Def Jam na kutengeneza ngoma za LL Cool J na Run-DMC. Alimkalisha na gitaa moja tu, akarekodi. Albamu ya kwanza ikatoka 1994, na mayuth waliokuwa hawajazaliwa Folsom ikifanyika wakaanza kumfuata.

Tukirudi 2003. June amezikwa. Cash ana kisukari, macho karibu yameisha, pumzi ni ya kuvuta kwa nguvu, anasukumwa kwa kiti cha magurudumu. Familia na madaktari wangemwambia apumzike, na hakuna mtu angemlaumu. Yeye akamwambia Rubin kitu kingine: anataka kazi kila siku, la sivyo atakufa. Kando ya boma lake Hendersonville, Tennessee, kulikuwa na kibanda cha mbao alichogeuza studio. Siku akiwa na nguvu, anaimba. Siku sauti imekataa, wanaacha, wanajaribu kesho.

Sikiliza ngoma alizochagua. On the Evening Train ni ya Hank Williams na bibi yake Audrey, na inahusu mwanamume akitazama jeneza la mke wake likipakiwa kwa treni. Msee aliyezika bibi juzi anaimba hiyo! Kwa Help Me anamwomba Mungu, na sauti inakaribia kukatika katikati ya mstari. Rubin angeweza kuisafisha kwa mashine lakini aliiacha hivyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo albamu inashinda hata Hurt. Hurt ina video ya kukusaidia kulia. Hapa ni wewe na pumzi ya mzee.

Halafu kuna Like the 309, wimbo wa mwisho kabisa aliouandika. Ni treni tena, ila hii imekuja kubeba jeneza lake mwenyewe, na bado anatupa utani kuhusu kukosa pumzi. Ajabu ni kwamba moja ya ngoma mbili za rekodi yake ya kwanza, Hey Porter ya 1955, ilikuwa ya kijana ndani ya treni akirudi nyumbani.

Julai 5 alipanda stage mara ya mwisho, Hiltons, Virginia, kwa ukumbi wa ukoo wa kina June. Agosti 21 akarekodi Engine 143, wimbo wa zamani wa Carter Family, yaani wa kwao June. Septemba 12 akaenda, miaka 71, miezi 4 tu baada yake. Wamezikwa pamoja.

Wanamuziki waliongeza ala zao baadaye, juu ya sauti ya marehemu. Albamu ikatoka Julai 4, 2006 na kupanda namba 1 Marekani, kitu Cash hakuwa ameona tangu San Quentin ya 1969. Mwaka uliofuata keja yao ya Hendersonville ikashika moto ikaisha yote. Kile kibanda kilibaki, na John Carter, mtoto wao, akaendelea kurekodi watu humo.