Imam Ghazali na Miezi ya Ulimi Mzito

Katika mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria, sawa na Julai 1095 Miladia, mwalimu aliyekuwa akisikilizwa kuliko wote mjini Baghdad alifikwa na maradhi yasiyo na jeraha wala homa. Huyo ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Habari za maradhi hayo hazikusimuliwa na mahasidi wake. Alizieleza yeye mwenyewe, bila kuona haya, katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal, alichokiandika zaidi ya miaka kumi baadaye. Tunapenda ndugu msomaji azijue, kwani katika nyumba zetu zisizo chache, mtu akikosa hamu ya kula, akanyamaza na kujifungia chumbani, la kwanza kusemwa ni kuwa imani yake imepungua, na la pili ni kuwa amerogwa.

Imam Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) katika mji wa Tus huko Khurasan, karibu na ilipo Mashhad ya leo nchini Iran. Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa fukara aliyeishi kwa kusokota sufi, na kwamba alipokaribia kufa aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu. Fedha za urithi zilipokwisha, mlezi huyo aliwashauri waingie madrasa, mahali ambapo mwanafunzi alipata posho ya chakula. Hivyo ndivyo yatima wale walivyoingia katika elimu: kwa njaa. Baadaye Muhammad alisoma Nishapur kwa Imamul Haramain al-Juwayni, na mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 Hijria (1085) alijiunga na wanazuoni waliomzunguka Nizamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki. Mwaka 484 Hijria (1091) waziri huyo alimpa kiti cha ualimu katika Madrasa Nidhamiyya ya Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu, na darasa lake lilikuwa na wanafunzi 300.

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Mwaka 1092 Nizamul Mulk aliuawa, na mwezi mmoja tu baadaye akafa Sultani Malik Shah. Mwaka 1094 akafa Khalifa al-Muqtadi. Katika muda usiofika miaka miwili, watu watatu wakubwa waliokuwa nguzo za dola aliyoitumikia wakawa makaburini. Imam hakuyataja mauti hayo kuwa chanzo cha maradhi yake. Alichokitaja ni nafsi yake: aliitazama kazi yake ya kusomesha, akaona kwamba kilichomsukuma ni cheo na sifa, wala si radhi za Mwenyezi Mungu. Akataka kuacha na asiweze. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad, jioni azma hiyo imevunjika. Alibaki katika kusitasita huko kwa karibu miezi sita, kwa hesabu yake mwenyewe.

Kisha ulimi ukafungika. Alijilazimisha asomeshe japo siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi waliokuja kwa ajili yake, lakini hakuweza kutamka hata neno moja. Kimya hicho kikamtia huzuni moyoni, na huzuni ikafika tumboni. Akawa hawezi kusaga chakula, wala kumeza tonge, wala kuteremsha funda la mchuzi. Nguvu zikamwisha.

Waliitwa matabibu. Hapa tungependa msomaji atue kidogo. Huyu alikuwa mtu aliyeihifadhi elimu ya dini kuliko waliomzunguka, naye alikubali kutazamwa na tabibu. Wala matabibu hao hawakumwambia kuwa hana imani. Walisema jambo hili limeuteremkia moyo, na kutoka moyoni limeenea katika mwili wote, na kwamba dawa zao hazitafaa kitu mpaka dhamiri ipumzike na wasiwasi unaoielemea. Kisha wakakata tamaa. Watu wengine nao walikuwa na lao: baadhi yao walisema ni kijicho kilichowapata Waislamu na wanazuoni wao! Kumbe maneno ya namna hiyo tunayoyasikia leo ni ya kale.

Sisi si matabibu, na hata tabibu hawezi kumpima mtu aliyezikwa miaka zaidi ya 900 iliyopita, kwa hiyo hatutadai kwa yakini kuwa ile ilikuwa sonona. Lakini huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya chakula, kuishiwa nguvu, kushindwa kukata shauri na kushindwa kufanya kazi ni mambo ambayo daktari wa leo, akiyakuta kwa mgonjwa kwa wiki mbili au zaidi, huuliza habari za sonona. Wala jambo hili halikuwa geni kwa Waislamu wa zama zile. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayomjia mtu bila kujua imetoka wapi.

Alipoona hana tena hila, Imam alimlilia Mola wake kilio cha mtu aliyeelemewa, na moyo wake ukawa mwepesi kuviacha cheo na mali. Mwisho wa mwaka huo wa 1095 aliondoka Baghdad. Aliwaambia watu kuwa anakwenda Makka, huku akikusudia Sham, kwa kuchelea wasije wakamzuia. Mali yake aliigawa, isipokuwa kiasi cha kuwatosha watoto wake. Na katika madrasa ndugu yake Ahmad akasomesha mahali pake. Mwenye kukitumia kisa hiki kuhalalisha kuitelekeza familia na aitazame vizuri sehemu hii.

Huko Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa. Akaenda Baytul Maqdis, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) katika mji wa Al-Khalil, kisha akahiji. Aliyemrudisha nyumbani hakuwa sultani wala waziri. Yalikuwa ni maombi ya watoto wake. Katika miaka hiyo ya kujitenga aliandika Ihyau Ulumid-Din, kitabu ambacho masharifu wa Hadhramaut walikienzi na kukisomesha hadi huku Pwani yetu.

Humo ndani, mtu huyu ambaye matabibu walishindwa kumponya hakuwageuzia kisogo matabibu. Aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza, akawalaumu Waislamu wa zama zake waliorundikana katika fiqhi hali ya kuwa kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja. Akabainisha pia kuwa kutumia dawa hakuvunji tawakkul.

Mwaka 499 Hijria (1106) waziri Fakhrul Mulk, mtoto wa Nizamul Mulk, alimtaka arudi kusomesha, safari hii mjini Nishapur. Akakubali. Yeye mwenyewe aliona kuwa, ingawa watu watasema amerudi, hakurudi alikokuwa, kwa kuwa zamani alisomesha elimu ya kutafutia cheo na sasa anaisomesha ya kukiacha. Mwishowe alirejea Tus, akawa na madrasa kando ya nyumba yake, na mahali pa masufi. Huko ndiko alikofariki, Jumatatu ya tarehe 14 Jumadal Akhira mwaka 505 Hijria, yaani tarehe 18 Desemba 1111. Ndugu yake Ahmad alisimulia kuwa asubuhi hiyo alitawadha, akaswali, akaomba aletewe sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, kisha akanyoosha miguu akielekea kibla.