Émile Levassor, baba wa bwati ya vitesi

Gari ikisaga meno wakati wa kubadili vitesi, kelele hiyo ilianza zamani. Injinia Mfaransa Émile Levassor, mzaliwa wa 1843, ndiye mwaka 1891 alipanga injini mbele, nyuma yake ambreyaji, halafu meno ya kusukumana. Meno ya mwendo tofauti yaligongana.

Mwaka 1895 aliendesha Paris–Bordeaux–Paris kwa saa 48, akafika wa kwanza. Zawadi kubwa akapewa mwingine, sababu gari yake ilikuwa na viti viwili tu. Mwaka 1896 aliumia mashindanoni kwa ajili ya mbwa barabarani, akafariki 1897.

Mwaka 1928 Cadillac ilileta sinkro, inayosawazisha mwendo wa meno kabla hayajashikana. Leo vitesi zote zikisaga, anza na ambreyaji. Moja tu ikisaga, mara nyingi sinkro yake imekwisha.