Nicolaes Berchem na Jua la Italia

Nicolaes Berchem alibatizwa katika mji wa Haarlem, Uholanzi, tarehe 1 Oktoba 1620. Baba yake, Pieter Claesz, alikuwa mchoraji mtajika wa vitu visivyo na uhai: mkate uliomegwa, samaki kwenye sahani, bilauri ya mvinyo, fuvu la kichwa kando ya kitabu. Mwana hakuifuata njia hiyo. Hata jina la baba hakulichukua, bali alijiita Berchem, na Berchem kilikuwa kijiji cha karibu na Antwerp alikotoka baba yake. Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Kiholanzi mwanzoni mwa karne ya 18, anayo hadithi nyingine. Anasimulia kwamba kijana huyo alipokuwa akikimbizwa na baba yake ili aadhibiwe, mwalimu wake Jan van Goyen aliwapigia kelele wanafunzi wengine wamfiche, na maneno hayo ya Kiholanzi yanatamkwa karibu sawa na jina lenyewe. Hadithi inachekesha, lakini kijiji kinatosha kulieleza jina.

Mnamo 1642 alijiunga na Chama cha Mtakatifu Luka cha Haarlem, ambacho ndicho kilichowapa wachoraji wa mji ule idhini ya kufanya kazi na kuuza. Mnamo 1646 alimwoa Catrijne de Groot. Houbraken anamsawiri mke huyu kuwa bahili aliyezishika fedha zote za nyumba na kugonga dari kwa fimbo kila alipohisi kwamba mumewe, aliyekuwa akifanya kazi ghorofani, amesinzia. Eti Berchem alilazimika kukopa kwa wanafunzi wake ili anunue picha za kuchapwa alizozipenda mno. Ni vyema kukumbuka kuwa wasimulizi wa zama hizo walifurahia sana kisa cha mke mkali, nao wake hawakupewa nafasi ya kujitetea.

Sifa ya Berchem ilitokana na mandhari ya Italia. Katika picha zake, wachungaji huvusha ng'ombe na mbuzi mtoni wakati wa alasiri; mwanamke hukaa juu ya punda akizungumza na mpita njia; nyuma yao yamesimama magofu ya Kirumi na milima iliyofifia katika ukungu wa dhahabu. Uholanzi ni nchi tambarare yenye mawingu mengi, na si ajabu kwamba matajiri wa Amsterdam na Haarlem walitamani kutundika ukutani joto ambalo hawakulipata dirishani.

Swali linalowakereketa wataalamu ni hili: je, Berchem aliwahi kufika Italia? Wenzake Jan Both na Jan Asselijn waliishi Roma, na jamaa yake Jan Baptist Weenix pia alikwenda huko. Kwa Berchem, hakuna hati hata moja inayothibitisha safari hiyo. Safari yake inayoaminika ni ile ya takriban 1650, alipokwenda na rafiki yake Jacob van Ruisdael hadi mpakani mwa Ujerumani, ambako wote wawili waliichora ngome ya Bentheim. Yawezekana basi kwamba Italia yake yote aliipata katika michoro na masimulizi ya waliorudi. Iwapo ndivyo, basi huo si udanganyifu. Mwanafasihi hamwulizi mtunzi wa utenzi wa vita kama alishika upanga, na hakuna sababu ya kumdai mchoraji zaidi ya hapo.

Alikuwa mtu wa bidii isiyo kifani. Picha za rangi zinazonasibishwa naye hukadiriwa kufikia 800, mbali na michoro na picha alizozichonga mwenyewe kwenye mabamba ya shaba. Fauka ya hayo, alitia watu na wanyama katika picha za wenziwe; wasafiri wanaoonekana katika Mwaloni Mkubwa wa Ruisdael, wa mwaka 1652, ni wa mkono wake. Houbraken anataja pia shindano la meya mmoja wa Dordrecht, aliyewaagiza Berchem na Both kila mmoja picha moja kwa gilda 800, kisha akashindwa kuamua nani bora na kuwatuza wote wawili.

Alifariki Amsterdam tarehe 18 Februari 1683 na kuzikwa katika kanisa la Westerkerk. Karne ya 18 ilimtukuza, hasa Ufaransa, ambako François Boucher alijifunza kutokana na kazi zake. Kisha upepo ukageuka. Katika mihadhara yake ya 1836, mchoraji Mwingereza John Constable alizishutumu picha za Berchem na Both kuwa ni mchanganyiko usio na asili. Tajiri mmoja alipotaka kuziuza za kwake, Constable alimshauri azichome moto, kwani kuziuza kungeendeleza madhara tu.

Tajiri hakuzichoma zote duniani, bahati njema. Mnamo 1965 jumba la makumbusho la Utrecht liliwakusanya Waholanzi hawa wa jua la Italia katika maonyesho yaliyowarejeshea heshima, na mwishoni mwa 2006 Haarlem ilimwandalia Berchem maonyesho yake peke yake, ambayo baadaye yalipelekwa Zürich na Schwerin.