Mwalimu Nyerere na Kazi ya Kuongoza Mabadiliko



Kila mtaa hufikiwa na siku za mabadiliko. Mchungaji huhamishwa, mtaa hugawanywa, kamati mpya huchaguliwa. Siku hizo ndipo manung'uniko huzidi. Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea habari za marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyeliongoza taifa zima katika mabadiliko makubwa.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha Makerere, na baadaye Edinburgh, alikomaliza mwaka 1952. Alifundisha Tabora na Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TAA kiligeuzwa kuwa TANU, naye akawa Rais wake. Mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Serikali ya kikoloni iliweka sharti kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikasirika, wakataka kuususia uchaguzi. Mwalimu aliona kuwa kususia ni kuwaachia wengine viti. Aliwaeleza faida na hasara hatua kwa hatua, hata wengi wakakubali. Wengine, kama Zuberi Mtemvu, walijitenga. Lakini TANU ilishinda, na njia ya uhuru ikafunguka.

Jambo la pili liliwashangaza watu zaidi. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962, baada ya wiki sita hivi, aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Kwa nini? Chama kilichoundwa kudai uhuru kilikuwa kimekwisha kuupata. Viongozi wake wengi walikuwa wameingia serikalini, na chama kilianza kulegea. Basi alizunguka nchini kuwaeleza wananchi kuwa kazi mpya ni kupigana na umaskini, ujinga na maradhi. Tarehe 9 Desemba 1962 alirudi akiwa Rais wa Jamhuri.

Hata hivyo, si vema kusimulia nusu ya habari. Waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967 ulisema kuwa watu wasilazimishwe. Lakini mwishoni mwa 1973 ilitolewa amri kwamba kufika mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Katika mikoa mingi, pamoja na Singida yetu, watu walihamishwa kwa haraka, na mahali pengine kwa nguvu. Wako waliobomolewa nyumba, na wako walioachana na mashamba waliyoyazoea. Shule na zahanati ziliongezeka, ni kweli, lakini vijiji vingi havikupata mavuno yaliyotarajiwa. Tabora maelezo yalitangulia uamuzi. Vijijini amri ilitangulia maelezo. Kiongozi alikuwa yule yule, bali njia zilikuwa mbili, na matunda yakawa mbalimbali.

Mwaka 1985 aliacha Urais kwa hiari, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Kisha aliwahimiza wenzake wasiogope vyama vingi, vilivyoruhusiwa mwaka 1992, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amejenga mfumo wa chama kimoja. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Tujifunze nini basi? Tunapotaka kugawa mtaa au kubadili taratibu za matoleo, tuwaeleze watu sababu kabla ya kupitisha neno. Tumsikilize anayenung'unika, maana huenda ameona shimo ambalo sisi hatujaliona. Nasi tulio viongozi tukubali kuondoka kitini kazi inapohitaji mwingine. Watu walioelewa huendelea na kazi hata kiongozi asipokuwapo. Walioburutwa hurudi walikotoka mara mkono unapolegea.

Haraka haraka haina baraka.