KAPTENI MYLES STANDISH NA URITHI ULIOPOTEA

Askari hulinda mali za watu wengine, na mara nyingi husahau kutengeneza mambo ya nyumbani kwake. Hayo ndiyo yaliyomfika Kapteni Myles Standish, Mwingereza aliyeongoza ulinzi wa koloni la Plymouth, katika nchi ambayo leo ni Marekani.

Standish alizaliwa yapata mwaka 1584. Baada ya kutumikia jeshi huko Uholanzi, mwaka 1620 alivuka Bahari ya Atlantiki katika merikebu ya Mayflower pamoja na abiria wapatao 100. Majira ya baridi ya kwanza yaliangamiza karibu nusu yao, akiwemo mkewe, Rose. Kapteni alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na afya, wala hakuona haya kutafuta kuni, kupika na kufua nguo za wagonjwa. Mwezi Februari 1621 walowezi walimchagua kuwa mkuu wa ulinzi wao.

Hata hivyo, sifa yake ina doa. Mwaka 1623, huko Wessagusset, yeye na askari wake waliwaua ndani ya chumba kilichofungwa Pecksuot na Wituwamat, mashujaa wa taifa la Massachusett. Kichwa cha Wituwamat kilitundikwa juu ya ngome ya Plymouth. Mchungaji wa walowezi hao, John Robinson, aliyekuwa bado Leiden, alikilaumu kitendo hicho kwa barua.

Kapteni alifariki dunia tarehe 3 Oktoba 1656 huko Duxbury. Katika wosia wake alimrithisha mwanawe Alexander mashamba ya Lancashire na ya kisiwa cha Man, akidai kuwa ni haki yake kwa nasaba, ila yalizuiliwa kwa hila.

Alexander hakuyapata kamwe. Katika miaka ya 1840 wazao wa Kapteni walimtuma mjumbe Uingereza kutafuta ushahidi. Alipekua daftari la ubatizo la kanisa la Chorley, lakini ukurasa aliouhitaji ulikuwa hausomeki. Mwaka 1914 mtafiti Thomas Porteus alichukua njia nyingine: alilinganisha majina ya vijiji yaliyotajwa katika wosia na hati za kale, akaona yanalingana na mashamba ya akina Standish wa Ormskirk. Hivyo wosia wa askari ulikuwa shahidi bora kuliko daftari la kanisa, ingawa ulichelewa mno kurudisha shamba.

Ndugu askari na polisi, andikeni haki zenu mapema na kuzihifadhi. Lakini tukumbuke pia kwamba Duxbury, alikofia Kapteni akilalamikia ardhi yake, ilikuwa ardhi ya Wawampanoag. Anayedai haki yake hana budi kuitazama na haki ya jirani yake.